Hesabu za Mbalamwezi

Mama aliyekaa mbele yangu kwenye meli ya Nansio alinihurumia aliposikia naelekea kisiwa cha Ukara. "Wiki hii, kaka? Mbalamwezi yote hii utafuata nini? Utakuta mwalo umelala." Yeye ni mchuuzi wa dagaa, hununua visiwani na kuuza Mwanza na Shinyanga, na safari hii alikuwa anakwenda kudai madeni yake tu, maana mzigo hakuna. Nikamwambia sifuati dagaa, nafuata wanafunzi. Akacheka mpaka mtoto aliyempakata akaamka. "Hao basi utawapata. Shule yao ni mbalamwezi."

Mwalimu mwenyeji wangu alikuwa amenieleza jambo hilohilo kwa simu, bila kicheko. "Usije kwenye giza," alisema. "Ukija kwenye giza utakuta wavulana wangu wamelalia madawati na wasichana hawajafika."

Kwa aliyekulia mbali na Ziwa Victoria, jambo lenyewe liko hivi. Dagaa wa huku huvuliwa usiku usio na mwezi. Wavuvi hutandaza taa juu ya maji, mwanga huvuta vijidudu vinavyoelea ziwani, dagaa hufuata chakula chao na kujikusanya chini ya taa, kisha wavu huzungushwa. Mwezi ukishakua, taa haifui dafu mbele yake. Dagaa hutawanyika na mitumbwi hubaki nchi kavu. Zamani taa hizo zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi nyingi ni taa za betri zinazochajiwa kwa jua. Giza likiingia, wavulana wenye nguvu huingia ziwani na mabaharia au hukesha mwaloni, pale samaki wanapopokelewa, wakisubiri kazi ya kupakua, na alfajiri mitumbwi ikirudi ni zamu ya mama na binti zao kuanika. Kalenda ya wizara ina mihula miwili. Ya ziwa ina kumi na miwili au kumi na mitatu, na kila mmoja una likizo yake.

Nansio ni makao makuu ya wilaya ya Ukerewe, wilaya yenye visiwa vipatavyo 38, vingine vimejaa watu, vingine ni mawe na ndege tu. Sikukaa sana. Nilipata bodaboda ya kunipeleka Bugolora kwenye kivuko cha Ukara, tukapita kati ya mihogo na michungwa, na dereva akanisimulia habari za bei ya petroli kwa undani kuliko nilivyohitaji.

Njiani nilikuwa nikiwaza jinsi fasihi ya Kiswahili inavyodaiwa na kisiwa hiki cha Ukerewe. Euphrase Kezilahabi alizaliwa hapa, Namagondo, mwaka 1944. Gabriel Ruhumbika ni wa hapa. Na kabla yao wote alikuwapo Aniceti Kitereza, mzee wa misheni ya Kagunguli, ambaye mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe riwaya nene kuhusu Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Hakuna aliyekuwa tayari kuichapa, kwa sababu Kikerewe kilikuwa na wasomaji wachache mno, kwa hiyo alikaa akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili. Kitabu kilitoka 1980 na yeye akafariki 1981. Watu wanaposema watoto wa visiwani hawana mwamko wa elimu, huwa najiuliza wanazungumzia visiwa gani.

Kivuko cha Bugolora hakipandwi bila kukumbuka. Tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere, kivuko kilichoruhusiwa kubeba watu 101, kilipinduka karibu kabisa na gati la Bwisya, upande wa Ukara, kikiwa kimejaza kupita kiasi. Watu 228 walikufa. Kwenye kivuko cha sasa nilimwona kijana wa zamu akihesabu watu mlangoni kwa sauti kubwa, na hapakuwa na abiria aliyemnung'unikia. Naanza na msiba huo kwa sababu madaftari mawili ya kwanza niliyoonyeshwa shuleni yaliuhusu.

Shule yenyewe ni sekondari ya kata, upande wa kisiwa ulio mbali na Bwisya. Sitaitaja jina, wala mwalo ulio chini yake. Mbele kidogo msomaji ataona sababu. Bwisya kuna umeme wa jua miaka mingi sasa, lakini nyaya hazijafika huku. Kuna madarasa, kuna mawe makubwa ya kijivu nyuma ya madarasa, na simu hushika mtandao ukipanda juu ya jiwe moja mahususi ambalo wanafunzi huliita maktaba. Juu ya jiwe hilo Mwalimu hufungua Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ambako vitabu vya kiada husomwa bure, na wanafunzi hunakili kurasa wanazozitaka kabla betri ya simu haijaisha.

Mwalimu anafundisha fizikia na, kwa kuwa hakuna mwingine, biolojia pia. Amewapa wanafunzi wanaotaka, si wote, daftari moja moja analoliita daftari la maswali. Taratibu zake ni fupi. Andika swali lako, la kwako, siyo la kitabu. Chini yake andika unavyodhani jibu ni nini. Chini yake tena andika utafanya nini ili ujue kama umekosea. Baada ya hapo nenda. Na Mwalimu amejiwekea sheria ya kutojibu swali lolote kabla wiki haijapita.

"Hiyo sheria ya mwisho ndiyo inanitesa," aliniambia tukiwa tumekaa chini ya mti wa mlonge, yeye akisahihisha na mimi nikimega muhogo wa kuchemsha. "Chuoni nilifundishwa kujibu. Kunyamaza sikufundishwa."

Daftari la kwanza ni la mvulana wa kidato cha pili aliyempoteza shangazi yake kwenye ajali ile. Ameuliza kwa nini kivuko kilipinduka kikikaribia kufika, na si katikati ya ziwa kwenye mawimbi. Alipasua dumu la lita tano kwa urefu likawa chombo, akapachika kibao juu yake kiwe sitaha, akakusanya changarawe za ukubwa mmoja ziwe abiria. Ameandika majaribio yake kwa kalamu ya bluu, ukurasa baada ya ukurasa. Mawe yakiwa chini, chombo kilivumilia mengi. Yakiwa juu, kilivumilia machache. Yakiwa juu na akayasukuma upande mmoja kwa ghafla, kama watu wanavyofanya wakiona gati, kilipinduka hata kwa idadi ambayo mwanzo kilikuwa kimeibeba bila shida. Chini kabisa ameandika: "Nilidhani ni wingi wa watu tu. Kumbe ni wingi na mahali walipo." Somo la kitovu cha uzito liko mbele kwenye muhtasari wao, huyu atalikuta akiwa analijua kwa mikono.

La pili ni la rafiki yake. Fundi wa mitambo wa MV Nyerere aliokolewa akiwa hai ndani ya kivuko kilichopinduka, siku mbili baada ya ajali. Mtoto ameuliza: alipumua nini? Akachukua glasi, akabandika kipande cha karatasi ndani kwenye kitako, akaizamisha kichwa chini ndani ya ndoo. Karatasi ikatoka kavu. Wanafunzi wengi wa Tanzania wamewahi kuchorewa jaribio hilo ubaoni. Sijui wangapi walilifanya kwa sababu walitaka kujua mtu fulani alivyonusurika.

Nimehudhuria warsha kadhaa za namna ya kuwahamasisha wanafunzi wa jamii za wavuvi wapende kujisomea. Karibu zote huanza na mzungumzaji mwenye suti anayewaambia watoto kwamba wanaweza kuwa madaktari na marubani wakiacha tabia ya mwaloni. Huitwa motivesheni. Watoto hupiga makofi, gari huondoka, na kinachobaki ni wazo kwamba kila walichojifunza nyumbani ni takataka ya kuoshwa kabla ya kuingia darasani. Wakati mtoto huyohuyo amejifundisha kuogelea, kupiga kasia, kusoma mawingu ya upande wa magharibi, kushona wavu uliochanika bila kuonyeshwa zaidi ya mara moja, na kugawa hela ya ndoo za dagaa kwa watu sita kichwani. Hajangoja mtu amhamasishe.

Hapa nisieleweke vibaya. Mwalo si chuo. Nimeona watoto waliokatika vidole kwa kamba, wenye kichocho kisichotibiwa, walioacha shule darasa la sita kwa sababu noti ya jioni moja ilikuwa kubwa kuliko ahadi yoyote ya mwalimu. Na mwalo hufundisha uongo pia, kwa uhakika uleule unaofundishia ukweli. Mtoto anayejua kusoma mawingu anaweza kuamini vilevile kwamba boti fulani haipati kitu kwa sababu mtu fulani ameiangalia vibaya. Ndiyo maana ule mstari wa tatu wa daftari, "utajuaje kama umekosea", una kazi kubwa kuliko ile miwili ya juu.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea, na kati ya mambo aliyoyataka kwa kijana wa shule lilikuwamo hili la akili inayodadisi na uwezo wa kujifunza kutokana na wanayoyafanya wengine. Tulichokumbuka ni jembe. Shule zikafungua mashamba, watoto wakalima, na udadisi ukabaki kwenye kijitabu. Hata kisomo cha watu wazima, ambacho mikoa hii ya ziwa ilikuwa kati ya ya kwanza kukijaribu kwa msaada wa UNESCO kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, kiliwafunza watu wengi kusoma, na baadhi ya vitabu vyake vilihusu kazi zao wenyewe, pamba, migomba, uvuvi. Mzee mmoja pale mwaloni alijifunzia kusoma huko. Nilipomuuliza alikumbuka nini, alifikiri kidogo. "Vilikuwa vitabu vizuri, mwanangu. Vilitwambia mengi. Havikutuuliza kitu."

Madaftari ya Mwalimu yamejaa mambo ambayo vitabu havikuyauliza. Kwa nini sangara akitolewa kina kirefu huja tumbo limevimba? Bondo la sangara linaliwa na nani hata liuzwe ghali kuliko minofu yake? (Binti aliyeuliza hili alimfuata mnunuzi wa mabondo, yaani mifuko ya hewa ya samaki, kisha akapanda jiwe la mtandao, na sasa anaweza kukueleza kuhusu supu ya kifahari ya China.) Babu anasema alipokuwa mdogo hakukuwa na sangara, je, anasahau? Babu hakusahau. Sangara alipandwa ziwani miaka ya 1950, wakati wa ukoloni, akazagaa kwelikweli miaka ya 1980, na furu wa aina nyingi mno wakatoweka kwenye meno yake. Mvulana aliyeuliza alimwendea babu na karatasi iliyonakiliwa, akamsomea. Naambiwa mzee alitembea nayo mfukoni mpaka ikachanika.

Kikwazo kimoja kikubwa hakitokani na mwalo wala na mwezi. Maswali haya yote yameandikwa kwa Kiswahili, mengine na Kikara ndani yake, na vitabu vya sekondari vyenye majibu vimeandikwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi anayetaka kujisomea analazimika kusubiri mtu amfungulie mlango, na hapo neno kujisomea linapoteza nusu ya maana yake. Mwalimu hutumia jioni nzima kutafsiri kurasa ambazo mtoto angezimaliza kwa robo saa. Hilo sikuona mtu pale mwenye dawa yake.

Sasa nifike kwenye kisa kilichonifanya nisitaje jina la mwalo.

Mwaka jana kikundi kimoja kiliuliza swali lililoonekana halina madhara: sangara wanaoletwa mwaloni kwetu wana urefu gani? Sheria inakataza kuvua sangara aliye chini ya sentimita 50, na sababu yake inaeleweka, aachwe akue azae. Wanafunzi walikwenda na rula ya ubao na daftari. Wakapima kwa asubuhi kadhaa. Kabla hawajamaliza, mvuvi mmoja aliwanyang'anya rula akaivunja, na jioni wazazi wakajaa ofisini kwa mkuu wa shule. Waliona doria inakuja nyuma ya watoto. Nyavu zingechomwa, na nani angelipa? Mwenyekiti wa kikundi cha usimamizi wa mwalo ndiye aliyetuliza, akamtaka Mwalimu aandike kwa mkono wake kwamba namba zile hazitakwenda kokote. Ziko kabatini. Nilipotaka kuziona, Mwalimu alitabasamu akaniongezea muhogo.

Baada ya hapo wakahamia kwenye dagaa, na Mwalimu alidhani amepata mada ya amani. Maofisa wote husema dagaa waanikwe kwenye vichanja, wasiwekwe mchangani. Wanafunzi wakachukua ndoo moja ya dagaa wabichi, nusu wakaanika mchangani, nusu kwenye kichanja cha wavu chakavu. Wa kichanjani walikauka mapema, wakawa safi, hawakuliwa sana na inzi. Wa mchangani walikuwa na mchanga. Mpaka hapo, kila mtu anafurahi. Lakini binti mmoja aliwapeleka wote sokoni, na pale aligundua kwamba mnunuzi anayekuja kwa mtumbwi hununua kwa debe, na debe la wasafi na debe la wachafu analipa bei moja, kwa sababu sehemu kubwa ya mzigo wake inakwenda kusagwa chakula cha kuku. Ameandika kwenye daftari, na maandishi yake yamekazwa mpaka karatasi imetoboka: "Sasa mama ahangaike na kichanja kwa ajili ya nani?"

Nimesoma ripoti ndefu kuhusu uanikaji wa dagaa zilizokwepa swali hilo kwa kurasa themanini.

Ni binti huyohuyo aliyeleta yale ya hesabu. Mwalimu alikuwa amepatana na tajiri mmoja mwenye mitumbwi kadhaa. Siku za mbalamwezi taa zake zimekaa tu bandani, betri zimejaa. Akaomba kuziazima usiku ili wanafunzi wasomee darasani, kwa kuwa ndizo siku ambazo wako macho. Tajiri alikubali, ila naye akaomba kitu: apate mtoto mwenye mwandiko mzuri wa kumsaidia kuandika vitabu vyake, kwani karani wake alikuwa mgonjwa. Mwalimu akamtoa binti. Yeye ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, mrefu, mkimya, na baba yake ni baharia kwenye mtumbwi wa tajiri huyohuyo.

Mgawo wa dagaa hufanywa giza linapoisha. Mauzo yote hujumlishwa, gharama hutolewa kwanza, chakula cha kambini, mafuta ya injini, chaji ya betri, matengenezo ya wavu, kisha kinachobaki hugawanywa kati ya mwenye chombo na mabaharia kwa kanuni wanayoijua. Mabaharia huambiwa jumla. Kitabu hawakioni, na wengi hawakuwahi kukiuliza. Binti aliandika kama alivyoagizwa. Kisha, usiku, kwa mwanga wa taa za tajiri, akarudia kujumlisha, na akaona chaji ya betri imekatwa mara mbili: mara moja kwa jina lake, na mara nyingine ndani ya fungu lililoitwa matumizi ya kambi. Akaandika swali kwenye daftari lake. Unavyodhani jibu ni nini? "Nadhani karani alisahau." Utajuaje? "Nitatazama giza lililopita."

Alitazama. Kisha akamwambia baba yake.

Nilifika Ukara siku ambayo habari ilikuwa imeshapanda kutoka mwaloni hadi shuleni, na nikaalikwa kukaa pembeni kwenye kikao, labda kwa kuwa mgeni husaidia watu wasigombane kwa sauti. Tulikaa kwenye mitumbwi iliyopinduliwa. Alikuwapo tajiri, mzee wa makamo mwenye shati jeupe lililopigwa pasi, mabaharia wake wapatao kumi, mwenyekiti wa mwalo, Mwalimu, na binti amekaa nyuma ya baba yake akiwa ameshika daftari kwa mikono miwili.

Tajiri hakukataa namba. Alisema ni kosa la karani na atalirekebisha, na nilivyomwona sikuwa na sababu ya kutomwamini. Kilichomuuma kilikuwa kingine. "Mwalimu, ulikuja kwangu ukaniambia watoto wanahitaji kusoma. Nikatoa taa. Sikukuzuia. Hukuniambia kwamba watanisoma mimi."

Baadhi ya mabaharia wakacheka, mwenyekiti akawatuliza.

Mwalimu alijibu polepole. Alimwamkia tena, akamshukuru kwa taa, akasema yeye pia watoto hawa wamemsahihisha ubaoni zaidi ya mara moja na mara ya kwanza alikosa usingizi. Akasema hana njia ya kumfundisha mtoto aulize kuhusu samaki tu, asiulize kuhusu hela ya samaki. Hakusema zaidi ya hapo, na nilimheshimu kwa kutoongeza.

Nami nikaelewa pale kwa nini warsha zetu zote hupendelea mabango na makofi. Mtoto aliyehamasishwa kwa hotuba hasumbui mtu. Aliyeachiwa aulize mwenyewe atapima samaki wako, ataonja dagaa wako, atajumlisha kitabu chako, na hutakuwa umemchagulia atakachokikuta. Mzazi, mwalimu na mfadhili wote husema wanataka wanafunzi wanaojifunza wenyewe. Wavuvi wale, kwa rula iliyovunjwa, angalau walikuwa wakweli kuhusu bei yake.

Baharia mmoja mzee akainua mkono. Hakudai hela ya nyuma. Alisema anaomba kuanzia giza lijalo pawe na vitabu viwili, kimoja cha tajiri, kimoja cha mabaharia, na binti huyu awafundishe vijana wawili kati yao kukiandika, kwa sababu yeye ana mitihani mwakani na hawezi kuwa karani wa kila mtu. Tajiri alitazama ziwa kwa muda, akauliza kitabu cha pili kitanunuliwa na nani. Wakabishana zaidi juu ya daftari la shilingi chache kuliko walivyobishana juu ya chaji ya betri. Hatimaye mwenyekiti akalitoa mfukoni mwake.

Kuhusu taa, tajiri alisema atatoa nusu. Nusu nyingine anazifanyia ukarabati. Sikuona mtu aliyemwamini, wala aliyembishia.

Usiku ule darasani palikuwa na taa nne badala ya nane, na wanafunzi wamesogeza madawati yakawa mafungu. Yule mvulana wa dumu alikuwa na swali jipya kuhusu kwa nini taa ya rangi nyeupe na ile ya njano hazikusanyi dagaa sawa, na alikuwa akimbembeleza mwenzake amuulize baba yake kama wanaweza kupanda mtumbwini giza likirudi. Binti wa hesabu alikuwa amechora jedwali lenye safu tano. Juu ya kila safu ameandika jina la mwalo mmoja wa Ukara, na upande wa kushoto majina ya makato: mafuta, chaji, chakula, wavu. Swali lake lilikuwa mgawo wa mialo mingine ukoje.

Nilimuuliza Mwalimu kama atamruhusu. Akasema swali limeshaandikwa, na sheria ya daftari ni yake mwenyewe, hawezi kuivunja. Ila kesho asubuhi, kabla binti hajaenda popote, ataongozana naye hadi kwa mwenyekiti wa mwalo, na kabla ya hapo itabidi azungumze na mkuu wa shule, ambaye bado hajasahau ile rula.